Ile Keja ya Santorini Ilikuwa ya Mnyonge

Si mnaijua ile picha? Kuta nyeupe, kibwawa cha kuogelea kimening'inia juu ya bahari, mrembo na kofia kubwa, na hapo chini kila mtu ameandika "siku moja Mungu akipenda". Hapo ni Oia, kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Usiku mmoja tu, na kodi yako ya miezi kadhaa imeenda. Lakini ushawahi kujiuliza hicho chumba kilikuwa cha nani?

Kilikuwa pango la baharia wa kawaida. Santorini ni ukingo wa volkano iliyolipuka miaka kama 3,600 iliyopita, na sehemu kubwa ya kuta zake ni majivu yaliyogandamana, laini kiasi cha kuchimbwa na sururu. (Majivu hayo hayo yalipelekwa Misri kutengeneza saruji ya Mfereji wa Suez. Hiyo hawakutuambia shuleni.) Miti ya mbao ni haba kule. Kwa hivyo asiye na pesa alichimba: mlango na madirisha mbele, sebule nyembamba, kisha chumba cha kulala huko ndani gizani. Wenye meli walijenga majumba yao juu, kwenye tambarare. Yaani ule upande wa kuning'inia baharini, ambao leo ndio unalipiwa, ulikuwa wa wanyonge. Manze, hapo nilisoma mara mbili.

Meli za mvuke ziliua biashara ya matanga, na manahodha wengi wakahamia Piraeus. Halafu alfajiri ya 9 Julai 1956 ardhi ikatikisika. Watu zaidi ya 50 walikufa, nyumba zikaporomoka, na wengi wakafunga virago kwenda Athens. Mapango yakabaki matupu.

Miaka ya 1970 shirika la utalii la serikali lilianza kukarabati nyumba za zamani za Oia na kuzifanya za wageni. Mimi hilo silipingi hata kidogo. Bila hiyo kazi, leo tungekuwa tunapiga picha vifusi. Shida yangu ni kilichofuata: mpaka sasa walimu na madaktari wanaotumwa kisiwani wanahangaika kupata chumba cha kukodi, kwa sababu karibu kila kuta nne zinamngoja mtalii. Pango la maskini limekuwa ghali hata kwa daktari!

Nikipata nauli, kwanza nitaenda Akrotiri, mji uliofukiwa na ile volkano. Halafu nitalala Emporio au Pyrgos, vijiji vya ndani, ambako bei huwa na huruma kidogo. Nyumba za ngome ya Emporio zimeshikana ukuta kwa ukuta. Zilijengwa hivyo ili maharamia wasipate pa kupenyea. Picha zangu hazitakuwa na kibwawa. Mtanisamehe.