Moyo kushindwa kufanya kazi

Moyo kushindwa kufanya kazi ni hali ambayo moyo, ingawa bado unadunda, hausukumi damu ya kutosha kukidhi mahitaji ya mwili. Barani Afrika chanzo kikuu ni shinikizo la juu la damu. Vyanzo vingine ni magonjwa ya msuli wa moyo, yakiwemo yanayotokea baada ya kujifungua, na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni.

Dalili za mapema
Mgonjwa huchoka upesi, huishiwa pumzi akipanda ngazi, huhitaji mito kadhaa ili alale, na huvimba miguu. Dalili hizi zisidhaniwe kuwa uzee au pumu tu; kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, huonyesha jinsi moyo unavyofanya kazi.

Kuishi na ugonjwa
Dawa hutumiwa kila siku, hata mgonjwa akijisikia nafuu. Ajipime uzito kila asubuhi: ongezeko la kilo 2 ndani ya siku 3 huashiria maji kujaa mwilini, hivyo amwone daktari haraka. Kupunguza chumvi, kuacha sigara na kutembea kwa kiasi husaidia sana.