Kupanua Mashirikisho ya Michezo: Somo la Kombe la Gossage

Kila shirikisho la michezo, yaani kundi la timu au shule zilizokubaliana kushindana kila msimu chini ya kanuni moja, hufikia wakati wa kuamua ama kupokea wanachama wapya ama kubaki na wale lililoanza nao. Katika Afrika Mashariki uamuzi huo umefanywa mara kadhaa tangu mwaka 1926, na historia yake inaonyesha kwamba umbali na nauli vimekuwa na uzito kama ubora wa mchezo wenyewe.

Kombe la Gossage, lililobeba jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza, lilianza mwaka huo likiwa na timu mbili tu, Kenya na Uganda. Uchache huo ulilingana na njia za usafiri za wakati ule, kwa kuwa kabla ya reli ya Eldoret kufika Kampala mwaka 1931, msafiri kutoka Nairobi aliteremka kwa treni kupitia Fort Ternan, kituo cha Kericho, hadi Kisumu, ambako reli ilifika Desemba 1901, na kutoka hapo akavuka ziwa kwa meli.

Upanuzi ulikuja polepole. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, Zanzibar ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1940, na kwa karibu miongo miwili nchi nne zilizotawaliwa na Waingereza ziliendelea kukutana zenyewe, hata baada ya uhuru. Mwaka 1967 kombe lilibadilishwa jina, na mwaka 1973 nafasi yake ilichukuliwa na mashindano ya CECAFA, yaani baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mjini Kampala, Zambia na Somalia zikiwa miongoni mwa washiriki, na Uganda ikatwaa ubingwa. Kupanuka huko kuliinua kiwango cha ushindani, kwani Malawi ilishinda kombe mwaka 1978 na 1979, Sudan mwaka 1980, Zambia mwaka 1984 na Ethiopia mwaka 1987, hivyo wenyeji wa zamani wakalazimika kujipima na wapinzani wasiowazoea.

Hata hivyo, si wote waliopokelewa waliodumu. COSAFA, baraza la soka la nchi za kusini, lilipoanzishwa mwaka 1997, Zambia na Malawi zilielekea huko, na CECAFA sasa ina wanachama 12, kuanzia Tanzania hadi Eritrea. Mabingwa hao wa zamani walivutwa na kundi la majirani zao wa karibu, jambo linaloonyesha kwamba ushindi pekee hauwezi kumfunga mwanachama aliye mbali.

Swali la kupokea wanachama wapya linayakabili pia mashirikisho ya shule na vyuo. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, inayosimamiwa na shirikisho la FEASSSA, ilifanyika Huye nchini Rwanda mwaka 2023, Mbale na Bukedea nchini Uganda mwaka 2024, na Kakamega nchini Kenya mwaka 2025, na shule ya Kericho au Bomet inayotaka kufika huko hupanda ngazi za kaunti, kanda na taifa kabla ya kuvuka mpaka. Vyuo navyo vimeongezeka: vyuo vikuu vya umma nchini Kenya vilipanda kutoka 7 hadi 22 kufikia mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Kabianga cha Kericho kikiwa miongoni mwa vilivyopata hati mwaka huo, na kila chuo kipya ni timu zaidi zinazohitaji basi, malazi, chakula na waamuzi.

Kutokana na historia hiyo, wanachama wapya wanastahili kukaribishwa pale mambo mawili yanapokuwa yamekamilika, yaani ratiba imegawanywa kwa kanda ili majirani wacheze kwanza wenyewe kwa wenyewe na washindi pekee ndio wasafiri mbali, na gharama za safari zimekubaliwa kwa maandishi kabla ya msimu kuanza. Shirikisho litakalofungua mlango bila kutimiza hayo litawabebesha mzigo wazazi na walimu wakuu, na shule za vijijini kama za eneo la Fort Ternan ndizo zitakazokuwa za kwanza kujiondoa.