Mlango wa Duka na Mtu Aliye Nyuma ya Kaunta

Kabla ya taa za gesi, jua ndilo lililokuwa likifunga maduka. Mishumaa ilikuwa ghali, na kitambaa kilichouzwa gizani kilileta ugomvi kesho yake asubuhi. Mwaka 1807 taa za gesi ziliwashwa katika mtaa wa Pall Mall, London, na miaka michache baadaye wenye maduka wa miji mikubwa ya Uingereza walianza kuziingiza madukani mwao. Kuanzia hapo usiku ukawa muda wa biashara. Wafanyakazi wengi walilipwa ujira wao Jumamosi jioni na kwenda kununua mahitaji usiku huohuo, na duka lililofunga mapema lilimwachia jirani wateja. Hakuna aliyetoa amri kwamba saa za kazi zirefuke. Zilirefuka kwa sababu kila mwenye duka alikuwa akimchungulia mwenzake wa ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzima taa.

Aliyeubeba mzigo huo ni muuzaji wa kuajiriwa. Mwaka 1884 wakili mmoja wa London, Thomas Sutherst, alichapisha kitabu kuhusu vifo na magonjwa nyuma ya kaunta, akakusanya humo ushahidi wa vijana waliosimama saa 13, 14, hata zaidi kwa siku. Saa 80 kwa wiki halikuwa jambo la ajabu. Msichana wa miaka 16 aliingia kazini kabla ya saa mbili asubuhi, akala chakula cha mchana kwa dakika chache huku akitazamia kuitwa, akarudi kaunta hadi saa tatu au nne usiku. Jumamosi ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana baada ya mteja wa mwisho kuondoka kulikuwa na bidhaa za kukunja, rafu za kupanga na sakafu ya kufagia.

Wengi wao hawakuwa hata na nyumba ya kurudi. Katika maduka ya nguo, ilikuwa desturi mwajiriwa alale kwa mwajiri, kwenye bweni lililokuwa juu ya duka au jirani yake, na gharama ya malazi na chakula ihesabiwe kuwa sehemu ya mshahara. Bweni lilikuwa na kanuni zake, saa yake ya kufunga mlango na faini zake. Aliyechelewa alikatwa, aliyekosea hesabu ya risiti alikatwa. Na aliyefukuzwa alipoteza kazi na kitanda siku moja, jambo lililotosha kumziba mtu mdomo. Mwandishi H. G. Wells alipitia maisha hayo akiwa kijana, alipopelekwa mwaka 1881 kujifunza kazi katika duka la nguo huko Southsea. Aliyachukia, akaondoka baada ya kama miaka miwili, na miaka mingi baadaye akayatia katika riwaya yake ya Kipps.

Shahidi ninayemheshimu kuliko wote katika historia hii ni Margaret Bondfield. Alianza kazi ya duka akiwa na miaka 14 huko Hove, pwani ya kusini ya Uingereza, akahamia London mwaka 1894 na kujiunga na chama cha wafanyakazi wa maduka. Aliandika makala kwenye jarida la chama kwa jina la bandia, nyingine akiziandika usiku bwenini wenzake wakiwa wamelala, kwa mwanga wa mshumaa, maana angegunduliwa angefukuzwa. Kisha kwa takriban miaka miwili, kuanzia 1896, akawa anaajiriwa duka hili na kuhamia lile, akikusanya ushahidi kwa niaba ya baraza lililotetea wanawake wafanyakazi: chakula walichopewa, vitanda walivyolalia, faini walizotozwa. Mwaka 1929 mwanamke huyohuyo aliteuliwa kuwa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Uingereza.

Tatizo lilijulikana mapema. Tangu 1842 palikuwa na chama London kilichopigania maduka yafunge mapema kwa hiari. Kilifanya mikutano, kikawaomba mapadri wahubiri juu ya jambo hilo, kikawasihi kina mama wa familia zenye uwezo wasinunue usiku. Baadhi ya mitaa ilikubaliana. Kisha mwenye duka mmoja alikataa, taa yake ikabaki inawaka peke yake, na ndani ya wiki chache mtaa mzima ukawa umerudi ulikotoka. Hiari ilishindwa kila mara kwa namna hiyohiyo. Naamini hata wenye maduka wengi walitamani kulala mapema. Kilichokosekana ni mkono wa juu wa kuwafungia wote kwa pamoja.

Bunge lilisita. Sir John Lubbock, mwenye benki na mbunge ambaye mwaka 1871 alikuwa amewapatia Waingereza sikukuu za benki, ndiye aliyelisukuma. Sheria yake ya mwaka 1886 ilisema kijana wa chini ya miaka 18 asifanye kazi dukani zaidi ya saa 74 kwa wiki, muda wa kula ukiwemo. Saa 74! Na hata kiwango hicho kilipita kwa shida, kwa sababu wapinzani walidai kwamba serikali haina mamlaka ya kuingia kati ya mwajiri na mwajiriwa wake. Isitoshe, sheria haikuweka mkaguzi hata mmoja. Ilibidi kusubiri sheria nyingine ya 1892 ndipo halmashauri zipewe uwezo wa kuteua wakaguzi.

Na mkaguzi naye angefanya nini? Kiwanda kilikuwa kimoja chenye watu 500 na king'ora cha kuingilia. Maduka yalikuwa maelfu kwa maelfu, kila moja na vijana wawili au watatu wanaoogopa kusema. Hakuna awezaye kumhesabia kijana saa zake za wiki nzima kwa kupita mara moja. Lakini polisi yeyote anayepita barabarani saa tatu usiku anaona kama mlango uko wazi. Kwa sababu hiyo sheria za maduka zilianza kuuchunga mlango badala ya mtu. Walowezi wa koloni la Victoria, Australia, walitangulia: mwaka 1885 waliamuru maduka mengi yafungwe saa moja usiku siku za kazi na saa nne usiku Jumamosi. Uingereza ilifuata taratibu. Mwaka 1904 halmashauri ziliruhusiwa kupanga saa ya kufunga, lakini kwa sharti kwamba theluthi mbili za wenye maduka ya biashara hiyo wakubali. Mwaka 1911 serikali ilileta muswada uliotaka kikomo cha saa 60 kwa wiki kwa wafanyakazi wote wa maduka. Kikomo hicho kiliondolewa njiani, kilichobaki kikawa nusu siku ya mapumziko kila wiki kuanzia saa saba na nusu mchana, na muda maalumu wa kula. Bado ilikuwa neema kubwa. Kwa miaka mingi baadaye, miji midogo ya Uingereza ilikuwa kimya kila Jumatano au Alhamisi mchana.

Kilichomaliza ubishi wa saa za usiku ni vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali iliamuru maduka yafunge mapema ili kuokoa makaa ya mawe na mwanga. Wateja walizoea kununua mchana. Sheria ya 1928 ikaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu: saa mbili usiku siku za kawaida, saa tatu siku moja ya wiki. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa saa 48 kwa wiki kwa wafanyakazi wa biashara na ofisi, miaka 11 baada ya wenzao wa viwandani kupata wa kwao. Ujerumani ya Magharibi ilikaza zaidi kuliko wengi. Kwa sheria yake ya 1956 maduka yalifungwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na Jumamosi saa nane mchana.

Kuna sheria moja ndogo ambayo haikuhusu mlango hata kidogo. Mwaka 1899 Uingereza iliamuru kwamba kwa kila wanawake watatu wanaouza dukani kuwe na kiti kimoja nyuma ya kaunta. Ufaransa ilifuata mwaka uliofuata kwa sheria ya viti vya wanawake wa madukani. Madaktari walikuwa wameeleza madhara ya kusimama kutwa: miguu kuvimba, mishipa kutoka, maumivu ya mgongo na ya nyonga. Waajiri walijibu kwamba muuzaji aliyeketi anaonekana mvivu. Hata baada ya sheria kupita, kiti kiliweza kuwekwa pale na msichana asithubutu kukikalia mbele ya msimamizi. Usidhani hayo yamekwisha. Katika jimbo la Kerala, India, wanawake wauza vitambaa wa mji wa Kozhikode walijiunga katika chama chao, Penkoottu, wakadai vyoo na haki ya kuketi pasipo mteja. Jimbo lilibadili sheria yake ya maduka mwaka 2018. Kati ya kiti cha London na kiti cha Kozhikode ilipita miaka 119.

Sheria za mlango ziliporomoka kwa udhaifu wa aina nyingine. Orodha ya vitu vilivyoruhusiwa kuuzwa Jumapili nchini Uingereza ilijaa mkanganyiko: mikahawa iliweza kuuza vyakula vingi, lakini duka la samaki wa kukaanga na chipsi halikuruhusiwa kuuza samaki na chipsi. Watu waliacha kuiheshimu. Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ilijaribu kuondoa vizuizi vyote vya Jumapili, ikashindwa bungeni kwa kura 14, pale chama cha wafanyakazi wa maduka na makanisa walipoungana na baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe. Mwaka 1994 mlango ulifunguliwa: maduka makubwa yaruhusiwe saa sita Jumapili, madogo yapendavyo, na saa za lazima za kufunga usiku zifutwe. Mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kazi ya Jumapili. Ni haki ya kweli, ila safari hii yeye mwenyewe ndiye wa kwenda kumwambia meneja wake hapana.

Kwetu Afrika Mashariki sheria za mlango zilikuja na utawala wa Waingereza. Kenya ilikuwa na Sheria ya Saa za Maduka ambayo hata baada ya uhuru ilibaki vitabuni kama Sura ya 231, na Uganda nayo ilikuwa na yake. Hazikumgusa kila mtu sawasawa. Familia ya Kihindi iliyoishi nyuma ya duka lake na kuuza yenyewe, baba, mama na watoto, iliona mlango ukifungwa kwa namna tofauti na kampuni ya Kizungu yenye makarani wa kuajiriwa. Na pwani kulikuwa tayari na desturi ya kufunga isiyohitaji mkaguzi: Ijumaa mchana watu huenda msikitini, na mwenye kubaki wazi hutazamwa na mtaa mzima. Leo wapo pia wamachinga, ambao hawana mlango wa kufungwa.

Tanzania ya sasa imeamua kumlinda mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki, saa tisa kwa siku, siku sita. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Baada ya kila wiki kuwe na saa 24 za kupumzika, na kazi ya usiku iongezewe asilimia 5. Ni sheria nzuri kuliko ile aliyoipata Lubbock kwa mbali. Lakini ina tatizo lilelile la mwaka 1886, kwa kuwa saa za mtu hazionekani ukiwa barabarani. Kijana wa dukani ameletwa na shangazi, amekubaliana na tajiri kwa mdomo, na swali la saa za ziada angelianzia wapi?

Mwanzoni mwa 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa rasmi Kariakoo, Dar es Salaam. Mazungumzo mengi niliyoyasikia yalihusu ulinzi, taa na mapato. Siipingi, wanunuzi wanaotoka Lubumbashi au Bujumbura hawafiki kwa ratiba yetu. Ila hesabu ifanywe. Wiki ina saa 168. Duka likiwa wazi saa zote kwa vijana wawili wanaopokezana, kila mmoja anafanya saa 84, na hizo ndizo saa alizozilalamikia Sutherst mwaka 1884. Kwa saa 45 za sheria wanahitajika watu wanne. Hata ukitumia saa zote za ziada zinazoruhusiwa, mmoja anafikia kama saa 57 na nusu, kwa hiyo wawili hawatoshi kamwe na watatu wanatosha kwa taabu.

Sheria yetu tayari inamtaka kila mwajiri abandike mahali pa wazi maelezo ya haki za mfanyakazi. Duka linalotaka kukesha litakiwe kubandika karatasi ya pili hapohapo ukutani: majina ya walio kwenye zamu, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Afisa kazi aisome kwa dakika moja, chama cha wafanyakazi cha TUICO kiisome, na mteja aliyekuja kununua shuka saa nane usiku naye aisome, kisha amuulize aliye mbele yake ameingia saa ngapi.