Kiwakilishi Kinachohama: Shamirisho na Kitenzi Ambatani katika Historia ya Kiajemi

Msomaji wa ushairi wa kale wa Kiajemi hukutana mara kwa mara na kiwakilishi cha shamirisho kilichotengana na kitenzi chake na kuegemea neno jingine. Nchini Iran hali hii huitwa raqs-e zamir, yaani uchezaji wa kiwakilishi, na aghalabu huhesabiwa kuwa uhuru wa mshairi aliyebanwa na mizani. Maelezo hayo yanaisahau historia ya lugha yenyewe.

Katika maandishi ya Behistun, yaliyochongwa mwambani kwa amri ya Darius I (aliyetawala 522–486 K.K.), viwakilishi vifupi huelekea kufuata neno la kwanza la sentensi, liwe la aina yoyote. Katika umbo adamšim, kwa mfano, shamirisho -šim limeambatishwa kwenye adam, 'mimi', wala si kwenye kitenzi. Kiajemi cha Kati kiliendeleza desturi hiyo, hasa kwa kuvipachika viwakilishi kwenye viunganishi vya mwanzo wa sentensi. Kwa hivyo, Sa'di na Hafez, washairi wa Shiraz wa karne ya 13 na ya 14, wanapokiegemeza kiwakilishi kwenye kiunganishi ke, wanairithi sarufi, hawaivunji.

Baadaye kiwakilishi kilizidi kufungamana na kiarifu, na wakati huo huo vitenzi ambatani vilikuwa vimeongezeka, vingi vikiundwa kwa nomino ya Kiarabu na kitenzi kardan, 'kufanya'. Leo 'nilimwalika' ni da'vat-ash kardam: kiwakilishi -ash hukaa baada ya da'vat, 'mwaliko', na kabla ya kardam, 'nilifanya'. Huweza pia kusemwa da'vat kardam-ash. Lakini -ash ni kiambishi cha umilikishi vilevile, na da'vat-ash peke yake ni 'mwaliko wake'. Ni kitenzi kinachofuata kinachoondoa utata huo.

Mhakiki aliyezoea Kiswahili, ambamo -m- ya 'nilimwalika' haihami, yumo katika hatari ya kudhani kwamba kila kiwakilishi kilicho mbali na kitenzi kimepotoshwa na mshairi. Mizani ilikuwa na nafasi yake, lakini ilichagua miongoni mwa mahali ambapo sarufi ya kale ilikuwa imekwisha kuparuhusu. Uhakiki usiotenganisha mambo haya mawili humsifu au kumlaumu mshairi kwa jambo ambalo si lake.