Ritifaa ya "it's"

Katika "ng'ombe" ritifaa huonyesha sauti. Katika "it's" huonyesha herufi zilizodondoshwa: "it is" au "it has". Basi "it's raining" ni sahihi, "it's gone" vilevile, lakini mkia wa paka ni "its tail", bila ritifaa. Kinachowapoteza wengi ni "John's", ambapo ritifaa huonyesha umiliki; ila "his" na "hers" hazina, na "its" ni ndugu yao. Waingereza wenyewe, karne ya 17 na 18, mara nyingi waliandika "it's" kwa umiliki, wala hawakuchekwa. "It is" waliifupisha kuwa "'tis". Leo ukisita, soma "it's" kwa kirefu: "the cat licked it is tail"? Futa ritifaa.