Swali la Mtoto na Wino wa Karagwe

Mwaka 1861 ulipokaribia kwisha, Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika wa Karagwe, akitafuta chanzo cha Mto Nile. Alipokewa kwa ukarimu mkubwa. Na mwenzi wake wa safari, James Grant, aliyeugua mguu, aliuguzwa huko kwa miezi kadhaa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, Speke alisifu sura ya mwenyeji wake, macho makubwa na pua iliyoinuka. Akashika dhana kwamba wafugaji waliotawala nchi za maziwa walikuwa wageni wa asili ya Uhabeshi, wala si wa damu moja na wakulima. Yeye mwenyewe aliiita nadharia. Waliomfuata waliifunga na habari za Hamu mwana wa Nuhu, na nadharia ikageuka kuwa elimu ya shuleni.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, pua hizo zilionekana tena katika kinywa cha mtoto. Riwaya ya Gaël Faye, Petit Pays, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2016, yasimulia utoto wa Gabriel mjini Bujumbura. Baba yake ni Mfaransa, mama yake ni mkimbizi wa Rwanda. Mtoto amwuliza baba yake kwa nini Wahutu na Watutsi wapigana. Je, hawana nchi moja? Wanayo. Lugha moja? Wanayo. Mungu mmoja? Wanaye. Basi baba, akiishiwa na hoja, ataja pua.

Mgawanyiko wa Uhindi mwaka 1947 ulikuwa na dini kwa jina lake: Waislamu upande huu, Wahindu na Masingasinga upande ule. Katika nchi za Mto Kagera msiba ulikuwa wa namna nyingine, na pengine mchungu zaidi kuueleza, kwani waliouana walisali sala moja. Katikati ya Aprili 1994, watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye, mashariki ya Rwanda, waliuawa humo kwa maelfu. Ubatizo haukushinda pua.

Lakini yafaa kuuliza: mbona Karagwe yenyewe, nchi iliyompa Speke mfano wake, haikuungua? Huko nako walikuwako wafugaji Wahima na wakulima Wanyambo, na ukoo wa Wahinda ukitawala. Jibu moja lipo katika karatasi. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji walimwandikia kila Mnyarwanda mzima kabila lake kwenye kitambulisho, na tangu hapo mtoto akarithi neno hilo kwa baba. Ng'ambo ya mto, serikali ya Kiingereza haikumpa kila Mhima na kila Mnyambo cheti cha namna hiyo. Na mwaka 1963 Tanganyika huru ikaondoa utawala wa machifu. Dhana ilizaliwa mahali pamoja. Cheti kilitolewa mahali pengine. Dhana peke yake haiui mpaka ipate karani.

Hapo ndipo riwaya humsaidia mwanahistoria. Nyaraka humwonyesha karani, lakini hazimwonyeshi mtoto akifundishwa kuchagua upande. Gabriel hakutaka upande. Wavulana wa mtaa wake, waliokuwa wakiiba maembe pamoja, waligeuka kundi la silaha, na mwishowe yeye naye alilazimishwa kumtia mtu moto. Mama yake alirudi kutoka Rwanda, alikokwenda kutafuta jamaa zake, akili imemvunjika.

Mwaka huohuo maiti ziliteremka kwa Mto Kagera, zikapita kando ya Karagwe hadi Ziwa Viktoria. Wakimbizi nao wakavuka, wengine wakatiwa katika kambi za Chabalisa na Kagenyi, mpaka waliporudishwa kwao Desemba 1996. Katika vitabu vya kambi mtoto ni nambari. Tangu mwaka 2012 nchi hiyo ya mtoni imegawanyika kuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Huo ni mgawanyiko wa ofisi, ambao haukumtenga jirani na jirani.

Mgeni aliandika pua za mwenyeji wake baada ya kula chakula chake. Deni la wino huo lililipwa na watoto wa ng'ambo.