Uvimbe wa Taya na Hospitali Iliyoanzia Mulago

Leo nitawasimulia historia ya hospitali moja ya saratani. Iko mbali, kule Kampala, Uganda, na huenda hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Lakini ugonjwa uliosababisha ijengwe ni wa watoto, na tunao hapa Pwani. Kwa hivyo usizime redio. Kama unakuna nazi, endelea kukuna huku wasikiliza.

Mwaka 1957 daktari mmoja wa Hospitali ya Mulago, Dkt Hugh Trowell, alimwita mwenzake wa upasuaji amtazamie mtoto. Huyo mwenzake ni Dkt Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, mtu mwenye jicho moja tu, maana la pili lilipotea kwa ajali akiwa mdogo. Mtoto alikuwa wa kiume, wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, kulia na kushoto, juu na chini, na meno yalikuwa yakicheza. Burkitt alishangaa. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja. Huu uvimbe wa pembe nne ulitoka wapi?

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kikazi. Akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi na mamake, uso umevimba vile vile. Akatoka akampima, na safari hii akashika pia tumbo. Tumboni nako kulikuwa na uvimbe. Hapo ndipo alipoanza kufukua mafaili ya zamani, akakuta kwamba watoto wengi waliokufa kwa uvimbe wa tumbo walikuwa pia na uvimbe wa taya. Madaktari walikuwa wakiyahesabu kuwa magonjwa mbalimbali, kumbe ni mmoja. Na haukuwa mgeni. Katika kumbukumbu za hospitali ya Mengo, aliyoianzisha Albert Cook mwaka 1897, walikuwamo watoto wa namna hiyo miaka mingi kabla. Burkitt aliandika habari zake mwaka 1958, na baadaye ugonjwa ukapewa jina lake: limfoma ya Burkitt.

Hapa naomba uniruhusu niseme habari yangu. Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja kutoka bara ya Kilifi aliniletea mtoto wa miaka 6, shavu limevimba. Alikuwa ameshang'olewa meno mawili kwingine, na nyumbani wazee walikuwa wamesema ametupiwa kitu. Mimi nilitazama, nikaona jino, nikampa dawa ya viuavijasumu na kumwambia arudi baada ya wiki. Aliporudi, jicho lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Wiki moja tu! Seli za saratani hii huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hata wataalamu huitaja miongoni mwa uvimbe unaokua kwa kasi zaidi mwilini mwa binadamu. Nilikuwa nimelisoma chuoni. Kulisoma ni kitu kimoja, na kulitambua kwenye foleni ya watu arobaini ni kingine.

Turudi kwa Burkitt. Alitaka kujua ugonjwa huu unapatikana wapi, akatuma barua na picha kwa mamia ya hospitali Afrika nzima. Kisha mwezi wa Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri wiki kumi kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, kama kilomita 16,000. Kila hospitali waliuliza swali lile lile: je, mmewaona watoto wa namna hii? Majibu yalipowekwa kwenye ramani, ulionekana ukanda mpana katikati ya Afrika, wenye mkia ulioshuka pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Mkia huo, mama, ndio unaotupitia sisi. Milimani kwenye baridi ugonjwa haukuwako, wala sehemu zenye ukame. Ulifuata joto na mvua, kama mbu wanavyofuata.

Ndipo wakaanza kushuku mbu, na baadaye malaria. Wakati huo huo, daktari wa London aitwaye Anthony Epstein alimsikia Burkitt akitoa mhadhara mwaka 1961, akaomba aletewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi ndani ya seli hizo. Sasa twajua kwamba kirusi hicho karibu kila mtoto wetu hukipata mapema kupitia mate, na wengi hawadhuriki. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga yake huchoka kukizuia, na kwa wachache sana mambo huharibika. Si laana, wala si jirani. Na mtoto hawezi kumwambukiza mwenzake uvimbe.

Kisu hakikufaa, kwa sababu uvimbe ulikuwa pembe nne za taya na tumboni pia. Mashine ya mionzi Kampala haikuwako. Basi Burkitt na wenzake wakajaribu dawa, na hata Nairobi daktari Peter Clifford alikuwa akizijaribu miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1960. Wakaona jambo ambalo halikuwa la kawaida duniani wakati huo: mtoto mwenye uso uliovimba vibaya alichomwa dawa mara chache tu, na uvimbe ukayeyuka. Wengine uliwarudia. Wengine haukuwarudia tena.

Hilo ndilo lililojenga hospitali. Mwaka 1967, pale Mulago, Chuo cha Makerere, serikali ya Uganda na taasisi ya saratani ya Marekani walifungua kituo cha kutibu limfoma hii. Ilikuwa wodi ndogo tu. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa kijana wa Kimarekani, Dkt John Ziegler. Walichanganya dawa mbili tatu, wakapanga ratiba ya sindano, na, jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote, walikuwa na watu wa kwenda vijijini kuwatafuta watoto ambao hawakurudi. Walielewa kwamba dawa peke yake ni nusu ya tiba. Mwaka 1972 tuzo kubwa ya Marekani iitwayo Lasker ilitolewa kwa madaktari waliofanikisha tiba za dawa za saratani. Miongoni mwao walikuwamo Burkitt, Ziegler na Mwafrika mwenzetu, Dkt Anomah Ngu wa Kameruni.

Mwaka huo huo Idi Amin aliwafukuza Wahindi, na Wamarekani nao wakaondoka. Kituo kingeweza kufungwa. Mganda, Dkt Charles Olweny, akashika usukani, na wauguzi na madaktari wa pale wakaendelea kutibu katika miaka ya dhiki na vita. Sijui kama waliwahi kushukuriwa vya kutosha. Habari za wauguzi huandikwa kwa uchache. Kituo kikakua, kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda, kinachotibu wakubwa kwa wadogo. Mwaka 2015 kilipata jengo jipya kwa ushirikiano na kituo cha Fred Hutch cha Seattle. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini humo iliharibika, na wagonjwa wengine wakaja kutibiwa Nairobi, hadi mpya ilipoanza kazi mwaka 2018. Mwaka 2017 taasisi ilitimiza miaka 50, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiteua kuwa kituo chake cha umahiri wa saratani.

Miaka 50 na zaidi, basi, tiba inajulikana. Katika nchi tajiri, kati ya watoto kumi wenye limfoma hii, tisa hivi hupona. Kwetu ni wachache kuliko hao. Yule mtoto wangu nilimwandikia barua ya rufaa Mombasa, akaanza kemo. Baada ya dozi ya kwanza shavu lilirudi sawa, akacheka, akala wali. Mamake akaona amepona, na nyumbani alikuwa ameacha wengine watatu kwa jirani, na nauli ilikuwa imekwisha. Akarudi kwake. Hakuna aliyekwenda kumtafuta, hata mimi. Mvua za vuli zilipoanza alikuja tena zahanati, uvimbe uko tumboni. Mtoto hakukaa mwezi.

Simlaumu yule mama. Nawaambia ninyi kile ambacho yeye hakuambiwa: uvimbe ukiyeyuka, seli zilizofichika bado ziko, na dozi zilizobaki ndizo zinazoziua. Ukikwama nauli au hujui bima ya SHA italipa nini, mwambie muuguzi au mhudumu wa afya wa kijijini kabla hujakosa siku yako.

Na sasa dalili. Ugonjwa huu hupenda watoto wa miaka 4 hadi 7, wavulana zaidi. Tazama shavu au taya linalokua siku hadi siku bila maumivu makali, meno yanayocheza wakati si wa kung'oka, jicho linalotokeza, tumbo linalojaa, au miguu inayolegea ghafla. Usingoje wiki kama nilivyokuambia siku ile, mimi nikiwa kijana. Nenda zahanati kesho asubuhi, uombe barua ya Kilifi au Malindi. Kule watakata kipande kidogo cha uvimbe kipimwe, na ikihitajika utapelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa.

Tena kuna neti. Hapa hapa Kilifi, utafiti wa miaka ya 1990 kuhusu neti zenye dawa ulionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa thuluthi moja hivi. Neti ile uliyopewa kliniki, ukaifunika miche ya mchicha, irudishe kitandani leo usiku. Mchicha utafunikwa na makuti.